Swali Limejibiwa, Mabomba Yamelala Juani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu Bunge, na nyingi zina uchungu ndani yake. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Kwa msomaji mpya: kabla ya kustaafu nilifanya kazi kwenye dawati la Bunge la wizara moja. Maswali ya wabunge yalipita mezani kwangu kabla ya kufika kwa Waziri, na majibu yalipita mezani kwangu kabla ya kusomwa Dodoma. Majina ya walioniandikia nimeyaondoa, na vijiji vyao pia, kwa kuwa baadhi yao ni watumishi wa umma na ningependa wabaki kazini.

Kutoka mkoa wa Rukwa

*Mama, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji. Miaka minne iliyopita mbunge wetu aliuliza bungeni mradi wetu wa maji utakamilika lini. Tulijaa dukani kusikiliza redio. Naibu Waziri akasema Serikali inatambua adha tunayoipata, usanifu umekamilika na fedha zimetengwa kwa mwaka wa fedha unaofuata. Tulipiga makofi. Mpaka leo kuna mtaro umechimbwa nusu na mabomba yamelala juani. Mwaka jana mbunge aliuliza tena, akajibiwa karibu maneno yaleyale. Je, jibu la Waziri ni ahadi au ni maneno tu? Tumbane nani?*

Marahaba, mwanangu. Ni ahadi, tena ya maandishi. Kila neno la siku ile limo kwenye Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, ile tunayoiita Hansard, na taarifa hizo zimewekwa kwenye tovuti ya Bunge. Kazi yako ya kwanza ni kuitafuta tarehe ile. Utalikuta swali lenu lina namba yake, kichwa chake, jina la aliyeuliza na cheo cha aliyejibu. Chapisha kurasa za mara zote mbili uziweke kwenye faili la kamati. Ukienda ofisini na kusema mlisikia redioni, utaambiwa hamkuelewa vizuri. Ukienda na ukurasa wa Hansard, mazungumzo yanaanzia pengine.

Kisha shika Katiba. Ibara ya 63 inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Inaorodhesha njia za kufanya hivyo, na ya kwanza kabisa ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Imetangulia mjadala wa bajeti, imetangulia hata kutunga sheria. Nayo ibara ya 53 inawafanya mawaziri wawajibike bungeni kwa pamoja. Kwa lugha ya kijijini kwenu: Waziri aliyejibu akihamishwa wizara, ahadi haihami naye. Nimekutana na watu waliokata tamaa kwa sababu yule Naibu Waziri hayupo tena. Aliyeahidi ni Serikali, na Serikali ipo.

Sasa fedha, maana nadhani hapo ndipo mlipokwama. Naibu Waziri akisema fedha zimetengwa, mara nyingi anasema kweli, na bomba linabaki kavu vilevile. Kutengwa ni kuandikwa kwenye vitabu vya bajeti. Miradi ya maendeleo imo kwenye Kitabu cha Nne, Wizara ya Maji ni Fungu 49, na mle ndani kila mradi una kasma yake, yaani mstari wake wa bajeti, na kiasi chake. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kuanzia hapo Hazina inatoa fedha kidogo kidogo, kadiri makusanyo yanavyoingia na kadiri mahitaji mengine yanavyosukumana. Mkandarasi anachimba, anapeleka hati ya madai, anasubiri. Asipolipwa anaondoa mitambo. Juni inaisha, mradi unaandikwa upya kwenye kitabu kipya, na Naibu Waziri anasimama tena kusema kwamba fedha zimetengwa. Swali lenu limejibiwa mara mbili na hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko uongo, kwa sababu uongo angalau una adhabu yake.

Kwa hiyo swali la tatu lisiulize "lini". Mwambieni mbunge aulize ni kiasi gani kimetolewa na Hazina kwa mradi huu tangu uanze. Mkandarasi amewasilisha hati za madai za kiasi gani, na amelipwa kiasi gani. Mkataba wake unakwisha tarehe gani na kama umeongezwa muda, umeongezwa mara ngapi. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kusema Serikali inatambua adha yenu. Ama namba ipo, ama Waziri aseme hana namba, na hilo nalo litaingia kwenye Hansard.

Wala msimsubiri mbunge peke yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi iliyoombwa inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andikeni barua ya kamati kwa ofisi ya maji ya wilaya, mkiuliza mambo hayohayo, mkiambatisha kurasa mbili za Hansard, na nakala iende kwa diwani na kwa mbunge. Ombeni muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Mbunge atakayesimama na barua iliyogongwa muhuri na kupita siku 30 bila jibu ana nguvu kuliko aliyesimama na malalamiko.

Nimalizie hili kwa jambo ninalolitamani. India ina kamati ya Bunge ambayo kazi yake yote ni kuzifuatilia ahadi za mawaziri. Katika Lok Sabha, baraza la chini la Bunge lao, ilianzishwa mwaka 1953. Waziri akisema bungeni "tutalishughulikia", maneno yake yanachomolewa kwenye kumbukumbu, yanaandikwa kwenye orodha, na kawaida anapewa miezi mitatu kuyatimiza au kwenda kueleza. Majirani zetu Uganda nao wana kamati ya ahadi za Serikali. Kwetu ahadi inafuatiliwa na mbunge akikumbuka, au na kijiji kikichoka. Ningependa Bunge letu liwe na kamati ya namna hiyo, na ningependa kuiona ikianza na mradi wenu.

Kutoka Kanda ya Ziwa

*Shikamoo Mama. Mimi ni afisa mipango mpya katika halmashauri moja. Wiki iliyopita nililetewa swali la mbunge kuhusu zahanati iliyoishia kwenye lenta, niandae maelezo. Niliandika ukweli kwamba fedha za awamu ya pili hazikuja. Mkuu wangu akafuta, akaandika kwamba Serikali itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana. Akaniambia nitazoea. Sitaki kuzoea. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na nimefurahi kwamba umeiandika ukiwa bado mpya.

Wasomaji wengine wajue swali linavyosafiri. Mbunge anawasilisha swali kwa Katibu wa Bunge wiki kadhaa kabla. Linafika upande wa Serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, linapangiwa wizara, wizara inalishusha mkoani, mkoa unalishusha halmashauri, na huko linatua kwenye meza kama yako. Kisha jibu linapanda ngazi zilezile: mkuu wa idara, mkurugenzi, mkoa, wizara, Katibu Mkuu, Waziri. Kila ngazi ina mtu mwenye kalamu na mtu mwenye hofu. Wa chini anaogopa ataulizwa kwa nini hakumaliza kazi. Wa kati anaogopa kumwaibisha wa juu. Wa juu anataka jibu fupi ambalo halitamzalia swali la nyongeza. Taarifa iliyopanda ikiwa na tarehe na kiasi inafika Dodoma ikiwa na neno "mchakato". Mara nyingi hakuna mtu mmoja aliyeamua kuficha. Imepunguzwa njiani, kila mkono ukichukua kidogo.

Wa kwanza katika mnyororo huo ni wewe, na wewe ndiye uliyeiona zahanati kwa macho. Kama hukuandika ukweli chini, hakuna wa kuuongeza juu. Kwa hiyo endelea kuuandika. Andika hivi, kwa sentensi fupi: zahanati ilipangwa kukamilika mwaka fulani, haikukamilika, awamu ya kwanza ya fedha ilipokelewa tarehe fulani ikajenga mpaka lenta, awamu ya pili haijapokelewa, kilichobaki ni kuezeka, milango, madirisha, maji na choo, makadirio yake ni haya. Ambatisha picha na taarifa ya benki ya kijiji. Mkuu wako akifuta, hiyo ni haki yake kama mkuu, lakini rasimu yako yenye tarehe ibaki kwenye faili. Mkaguzi akija siku moja, ataikuta. Ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, haiandikwi kwa kusikiliza majibu ya bungeni. Inaandikwa kwa kufungua mafaili.

Kuna njia nyingine ya kiungwana. Majibu yanayokwenda kwa Waziri huwa na karatasi ya pili, ile ya maelezo ya ziada na maswali ya nyongeza yanayotarajiwa. Waziri anaihitaji karatasi hiyo kuliko anavyohitaji jibu lenyewe, kwa sababu ndiyo inayomwokoa akiwa amesimama. Andika pale: "Mheshimiwa Mbunge anaweza kuuliza ni kiasi gani kimetolewa. Jibu: awamu ya pili haijatolewa." Mkuu wako atakubali iwemo, maana naye hataki Waziri akwame kisha simu irudi kwake usiku.

Ofisini kwetu tulikuwa na mkurugenzi mmoja, marehemu sasa, ambaye hakutia saini jibu lolote linalosema kitu kimekamilika mpaka apige simu mahali penyewe. Alikuwa hapigi kwa mkuu wa wilaya. Alikuwa anapiga zahanati, anaomba kuongea na muuguzi wa zamu, anauliza, "Mwanangu, taa zimewaka?" Au anapiga shuleni anaomba mwalimu wa zamu: "Hayo madarasa yana madawati?" Muuguzi akisema nguzo zimesimama lakini waya haujafika, rasimu inarudi kwenye meza yetu na mstari mwekundu chini ya neno "umekamilika". Usiku wa Mkutano wa Bajeti, tukiwa tumechoka na mashine ya kuchapa imekwama, tulikuwa tunamwona ni mtu wa kutuchelewesha. Lakini sikumbuki Waziri wetu hata mmoja aliyewahi kurudishwa kwa jibu lililopita mikononi mwake. Mawaziri walimpenda. Aliyempenda zaidi alikuwa mkali kuliko wote.

Na umwambie mkuu wako, kwa heshima na kwa wakati mzuri, kwamba Kanuni za Kudumu za Bunge zinamtaka Waziri alijibu swali kwa ukamilifu kama lilivyoulizwa, na Spika akiona halikujibiwa hivyo anaweza kuagiza lirudi lijibiwe upya. Swali likirudishwa, msururu wote unaanza kutafutana: nani aliandaa? Ni afadhali siku hiyo iwe kwamba wewe uliandika.

Kutoka Kigoma

*Shikamoo Mama. Waziri akitoa jibu la uongo bungeni, anafanywa nini?*

Marahaba. Kanuni zinakataza mbunge yeyote kutoa bungeni taarifa zisizo za kweli, na kwetu mawaziri wote ni wabunge, kwa hiyo zinawafunga. Mbunge mwingine anaweza kusimama kudai kwamba kilichosemwa si kweli, lakini atatakiwa kuleta ushahidi. Jambo zito linaweza kufika Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge.

Hayo ni maandishi. Yanavyokuwa kwa vitendo, wewe wa Kigoma una mfano wa nyumbani. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alihoji mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, kule Kahama. Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Nazir Karamagi, alikuwa ameusaini London mwezi Februari mwaka huo, wakati Serikali yenyewe ilikuwa imesema mikataba ya madini inapitiwa upya. Zitto alileta hoja binafsi mwezi Agosti akitaka kamati teule ichunguze, akisema Waziri ameliambia Bunge yasiyo kweli. Hoja ilikataliwa na wengi. Kisha Bunge likaazimia kumsimamisha yeye, mwuliza swali, kuhudhuria vikao mpaka Januari 2008.

Lakini swali lilikuwa limeshatoka ukumbini. Watu waliliimba mitaani, magazeti yalilibeba, na mwezi Novemba mwaka huohuo Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akawekwa ndani yake. Mapendekezo ya kamati ile yalichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Februari 2008, kwa sakata jingine kabisa, lile la mkataba wa umeme wa Richmond lililochunguzwa na kamati teule ya Dk. Harrison Mwakyembe, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na Karamagi akajiuzulu pia.

Ninachokiona hapo, mwanangu, ni kwamba mzigo wa ushahidi unamwangukia anayehoji, wakati karatasi zote ziko kabatini kwa anayejibu. Hilo si haki. Mkataba unaohusu mali ya umma ungekuwa umewekwa mezani bungeni tangu mwanzo, kusingekuwa na haja ya mtu kumwita mwenzake mwongo. Waingereza waliandika azimio la Bunge mwaka 1997 kwamba Waziri anayelipotosha Bunge kwa kujua anatarajiwa kujiuzulu, na mwaka 2023 kamati yao ilimwona Boris Johnson, aliyekuwa Waziri Mkuu, na hatia ya kulipotosha Bunge kwa makusudi. Alikuwa ameshaachia ubunge siku chache kabla ripoti haijatoka. Kwetu naona tuanze na makabati: nyaraka zitolewe kabla ya swali, siyo baada ya ugomvi.

Kutoka Morogoro

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kwa nini kila mbunge anaanza swali la nyongeza kwa kusema anaishukuru Serikali kwa majibu mazuri, hata kama hajajibiwa?*

Ni adabu ya ukumbi, na adabu ni kitu chema. Lakini shukrani hiyo inaingia kwenye Hansard pamoja na jibu, na kesho Serikali inaweza kukuonyesha kwamba mbunge wako aliridhika. Mbunge ana nafasi finyu sana. Kwa kawaida utamsikia akisema ana maswali mawili ya nyongeza, kisha wengine wanapewa nafasi ya moja moja, kisha swali linafungwa. Sekunde za kushukuru anazitoa kwenye mfuko wa wapiga kura wake. Nilikuwa napenda wabunge waliosema tu: "Mheshimiwa Spika, sijajibiwa. Niliuliza kiasi, nimeambiwa nia." Wizarani tulikuwa tunakaa wima tukisikia sauti ya namna hiyo.

Kwa kuwa unasoma, fanya hivi kama kazi ya darasa: chukua majibu ya mkutano mmoja wa Bunge kwa wizara moja, hesabu yaliyo na tarehe, yaliyo na kiasi kilichotolewa, na yasiyo na kimojawapo. Ukimaliza niletee, nitayachapa hapa.

Kutoka Mombasa

*Salaam aleikum bibi. Huku kwetu mawaziri si wabunge. Nani huwajibisha? Wakiitwa hutuma makatibu.*

Waaleikum salaam, mwanangu. Katiba yenu ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, lakini haikuwatoa kwenye maswali. Kifungu cha 153 kinamtaka waziri afike mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti anapoitwa, na kujibu swali lolote lililo katika dhamana yake. Kwa miaka kadhaa majibu yalibaki kwenye vyumba vya kamati, mbali na macho ya watu. Ndipo Bunge la Taifa likabadilisha kanuni zake, na mwaka 2023 mawaziri wakaanza kufika ukumbini kujibu wabunge ana kwa ana. Naona mlirudisha kitu cha thamani. Mwananchi anatakiwa kuuona uso wa anayemjibu.

Waziri akiitwa na kutuma mtu, mwambie mbunge au seneta wako aombe kikao kiahirishwe mpaka afike mwenyewe, na aombe hilo liandikwe. Na ninyi pia mna sheria ya kupata habari ya mwaka 2016. Yenu inadai jibu ndani ya siku 21, mmetuzidi.

Kutoka Pemba

*Swali la hospitali yetu lipelekwe Dodoma au Chukwani?*

Chukwani, kwa mwakilishi wako. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo anayewajibika ni waziri wa Serikali ya Mapinduzi mbele ya Baraza la Wawakilishi. Ingekuwa ni malalamiko juu ya polisi, hapo ungempa mbunge wako aende nayo Dodoma, maana Polisi ni la Muungano.

Kutoka Lindi

*Dada yangu, mimi ni mvuvi mzee, nadhani nimekuzidi umri. Diko letu, pale tunaposhushia samaki, lilijengewa chumba cha barafu. Jengo lipo, mashine hakuna, samaki wanaoza, wachuuzi wanatupangia bei wanavyotaka. Nataka mbunge aulize, lakini hapokei simu. Vijana wameniandikia swali hili: "Je, Serikali ina mpango gani wa kuboresha sekta ya uvuvi katika mkoa wa Lindi?" Limekaa sawa?*

Shikamoo, kaka yangu. Vijana wameandika kwa moyo mwema, lakini swali hilo ninyi mtalijutia. Mkiuliza Serikali ina mpango gani, mtajibiwa mpango. Na mkiuliza juu ya mkoa mzima, mtajibiwa juu ya mkoa mzima: mikopo ya boti, mialo, ufugaji wa majongoo bahari. Yote yatakuwa kweli na chumba chenu hakitatajwa. Nimeyaona maswali ya namna hiyo yakifika mezani, na maafisa wakishusha pumzi, kwa sababu jibu lake tayari lipo kwenye hotuba ya bajeti. Ni kunakili tu.

Swali zuri ni kama ndoana: dogo, na lina ncha. Andikeni hivi:

"Je, ni kiasi gani cha fedha kilichotolewa na Hazina kwa ajili ya chumba cha barafu cha diko la kijiji chetu tangu ujenzi uanze, kwa nini mashine hazijafungwa, na ni ofisi ipi, kati ya Wizara na Halmashauri, yenye wajibu wa kuzinunua?"

Kipande cha mwisho msikiache. Mambo ya namna hii hukwama kwa sababu Wizara inasema jengo ni la Halmashauri na Halmashauri inasema mashine ni za mradi wa Wizara. Waziri akishatamka bungeni ni ofisi ipi, hamtazungushwa tena. Na kama jambo hili liko mahakamani, mwambieni mbunge mapema, maana swali litakataliwa.

Mwongezeni mbunge karatasi ya pili ambayo haitasomwa: jengo lilimalizika mwaka gani, nani alikuja kulizindua, samaki wanauzwa bei gani wakati wa bamvua na bei gani wakati barafu imekosekana mjini. Hayo ndiyo yatakayompa swali la nyongeza. Akisimama bila karatasi hiyo, atashukuru na kukaa.

Kuna watakaowaambia msubiri Alhamisi, kwenye maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Kipindi kile, kilicholetwa na Kanuni za mwaka 2007, ni kizuri kwa mambo ya sera ya nchi nzima, kwa sababu Waziri Mkuu hajaliona swali kabla. Chumba cha barafu cha diko moja hawezi kukijua kwa kichwa. Atawaahidi kulifuatilia, na mtakuwa mmepoteza nafasi. Lenu lipelekwe kama swali la kawaida, liende wizarani, lishuke mpaka kwa afisa uvuvi wa wilaya, alazimike kuja kulitazama jengo kabla ya kuandika.

Umesema mbunge hapokei simu. Usimpigie, kaka. Peleka karatasi mbili kwenye ofisi yake ya jimbo, kwa mkono, pamoja na sahihi za wavuvi na mama wachuuzi wa diko, na nakala kwa diwani wako. Zipeleke sasa, kabla Mkutano ujao wa Bunge haujakaribia. Watu wengi hupeleka maswali yao siku wanapowaona wabunge kwenye televisheni wameshaketi Dodoma, na siku hiyo maswali ya mkutano ule yameshapangwa.